Reli za Treni Ndogo kwa Gereji ya Mombasa: Chuma, Shaba ya Njano, Nikeli Silva au Stenlesi?

Mtu anayetaka kujenga njia ya treni ndogo ndani ya gereji yake Nyali, Tudor au Likoni hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Nairobi anaweza kulipuuza bila hasara kubwa: reli zenyewe zimetengenezwa kwa metali gani? Treni za aina hii hupata umeme kupitia reli mbili, na magurudumu ya kichwa cha treni ndiyo yanayouchukua umeme huo na kuufikisha kwenye mota. Mahali gurudumu linapogusana na reli ni padogo mno, kiasi kwamba utando mwembamba wa kutu, ambao jicho haliuoni vizuri, unatosha kuisimamisha treni katikati ya njia.

Zipo metali nne zinazouzwa kwa kazi hii, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa njia yenye upana wa milimita 16.5, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi, nikeli silva ndiyo ya kununuliwa Mombasa. Chuma cha kawaida kikataliwe hata kikitolewa bure, shaba ya njano ibaki kwa treni kubwa, na stenlesi inunuliwe na mwenye sababu maalumu pamoja na mfuko wa kutosha. Hata hivyo, kuna mambo ambayo hata reli bora haiwezi kuyatatua, nayo nitayapa nafasi kubwa kuliko wauzaji wanavyoyapa.

Chumvi ndiyo hasimu, si mvua

Kutu ya pwani haitokani na mvua peke yake. Upepo hurusha matone madogo ya maji ya bahari, matone hayo hukauka hewani, na chembe za chumvi zinazobaki hutua juu ya kila kitu kilicho wazi. Chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa Mombasa huvuka kiwango hicho mara nyingi, hata katika juma ambalo halikunyesha hata tone. Matokeo yake ni kwamba reli yenye vumbi la chumvi hulowa kila usiku kwa maji ya chumvi yasiyoonekana, hukauka mchana jua linapopasha paa la mabati, kisha hulowa tena. Mzunguko huo huila metali haraka kuliko maji matamu yanayomwagika mara moja na kufutwa.

Msimu nao una uzito wake. Upepo wa kusi, unaoanza takriban Aprili na kuendelea hadi Septemba, huichafua bahari, na mwanzo wake huambatana na mvua za masika; huo ndio wakati wa kuikagua njia mara kwa mara. Upepo wa kaskazi ni mkavu zaidi, ingawa nao hutokea upande wa baharini. Umbali kutoka ufukweni ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu kiasi cha chumvi hewani hupungua haraka katika mamia ya mita za mwanzo. Gereji ya Magongo haipokei chumvi sawa na ile iliyo mstari wa kwanza Shanzu, na mtu wa Magongo anaweza kumudu uzembe kidogo ambao wa Shanzu hawezi.

Chuma cha kawaida

Reli za chuma zina sifa moja ya kweli, nayo ni bei. Ndiyo maana mara nyingi hupatikana ndani ya seti za watoto zinazouzwa zikiwa kamili kwenye boksi. Kampuni ya Bachmann, kwa mfano, huuza reli zake za E-Z Track kwa aina mbili: zenye kitako cheusi ni za chuma, na zenye kitako cha kijivu ni za nikeli silva. Anayejua tofauti hiyo ya rangi hujiepusha na ununuzi mbaya kwa kutazama picha tu.

Katika hewa kavu, chuma hufanya kazi vizuri kwa miaka. Hapa kwetu, hata pale kilipopakwa tabaka la kinga, tabaka hilo hulika juu ya reli, mahali hasa magurudumu yanapopita na mahali hasa umeme unapohitaji kupita. Kutu ikishaanza, mtu husugua, na kila anaposugua huondoa kinga iliyobaki na kuacha uso wenye mikwaruzo ambamo chumvi hujificha. Vumbi la kutu halibaki kwenye reli pia: mota ina sumaku, na chembe za kutu zenye asili ya sumaku huvutwa hadi ndani yake. Kwa hiyo reli ya bei nafuu huishia kuharibu kichwa cha treni cha bei ghali.

Haki itendeke kwa kutaja kwamba chuma kiliwahi kupendwa kwa sababu nyingine. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa Tri-ang iliwahi kuweka sumaku chini ya vichwa vyake vya treni ili vishikamane na reli za chuma na kuvuta mabehewa mengi zaidi mlimani. Mwenye vichwa hivyo vya zamani atapoteza faida hiyo akihamia nikeli silva, kwa kuwa sumaku haiishiki. Ni hasara ndogo.

Shaba ya njano

Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Haishiki kutu nyekundu, hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine tatu za ulinganisho huu, na hulehemiwa kwa urahisi. Sifa hizo zingeifanya ishinde moja kwa moja, laiti si utando wake. Hewani hupata weusi, na penye chumvi na unyevu hupata ukijani, na utando huo huzuia umeme. Mtu aliyezoea kung'arisha sinia na madele ya shaba kabla ya sikukuu anaufahamu mwendo huo: king'aacho leo hufifia kabla ya mwezi kuandama mara nyingi, hata kama kimefunikwa.

Hata hivyo ukubwa wa treni hubadilisha hesabu. Kampuni ya Ujerumani ya LGB hutumia reli za shaba ya njano katika njia yake yenye upana wa milimita 45, na treni hizo hukimbizwa bustanini, nje kabisa, penye umande na mvua. Huwezekana kwa sababu kichwa cha treni cha ukubwa huo ni kizito, magurudumu yake hukwangua utando yanapopita, na umeme wake una nguvu ya kuvuka uchafu mdogo. Reli yenyewe ni nene, takriban milimita 8.4 kwa urefu wa wima, hivyo husuguliwa miaka mingi bila kuisha. Mwenye gereji pana anayetaka treni kubwa, na ambaye huzikimbiza mara kwa mara, hatakosea kuchagua shaba ya njano. Mwenye treni ya milimita 16.5 au 9 aiache, kwa sababu kichwa chake chepesi hakina uzito wa kuusafisha utando huo, na kazi yote itamwangukia yeye mwenye kitambaa.

Nikeli silva na stenlesi: mahali penye uamuzi mgumu

Nikeli silva ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki; sehemu kubwa, takriban asilimia 60 au zaidi, ni shaba nyekundu, na nikeli ndiyo inayoipa weupe na ustahimilivu. Hufifia polepole kuliko shaba ya njano, na ikififia, kitambaa chenye spiriti huirejesha bila kuhitaji msasa. Peco ya Uingereza, Kato ya Japani na watengenezaji wengine wengi huitumia kama metali yao ya kawaida, jambo linalomaanisha kwamba aina za vipande, mikunjo na sehemu za kubadilishia njia ni nyingi, na kipande kilichoharibika hupatiwa mbadala bila kubomoa mpangilio mzima.

Stenlesi hujilinda kwa njia nyingine. Chuma huchanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hutengeneza tabaka jembamba mno linalojirudisha lenyewe likikwaruzwa. Kwa macho, stenlesi ndiyo mshindi wa Mombasa: hukaa inang'aa, na kitambaa kikavu hutosha. Lakini si kweli kwamba haiguswi na bahari. Kloridi iliyomo ndani ya chumvi huweza kutoboa tabaka hilo na kuacha vishimo vidogo na madoa ya kahawia, na ndiyo sababu vifaa vya mashua hutengenezwa kwa daraja la 316, lenye molibdenamu, badala ya daraja la 304 linalotumika kwa sufuria na sinki. Ndani ya gereji, hata 304 inatosha ikiwa inafutwa.

Ugumu wa stenlesi uko penye umeme. Ukiupa ukinzani wa shaba nyekundu thamani ya 1, shaba ya njano hupata takriban 4, chuma cha kawaida takriban 9, nikeli silva takriban 17, na stenlesi takriban 42. Tarakimu hizi huwashangaza wengi, kwa sababu zinaonyesha kwamba nikeli silva hupitisha umeme vibaya kuliko chuma cha kawaida. Sifa yake, basi, haimo ndani ya reli bali juu yake: uso wake hubaki safi, na treni hukwama usoni kabla ya kukwama ndani. Hata hivyo, ukinzani wa ndani huanza kuonekana njia inapokuwa ndefu, pale kichwa cha treni kinapopunguza mwendo upande wa gereji ulio mbali na kidhibiti, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli, na kushika kasi tena kinaporudi.

Dawa yake ni waya nene za shaba nyekundu chini ya meza, zikifuata njia nzima, na waya nyembamba zinazopanda kutoka hizo hadi kwenye reli kila baada ya mita moja hivi. Kwa nikeli silva hiyo ni kazi ya jioni chache, kwa kuwa risasi ya kulehemia hushika juu yake vizuri. Stenlesi huikataa risasi ya kawaida. Huhitaji dawa ya kulehemia yenye asidi, ambayo isipooshwa vizuri huleta kutu yake yenyewe, au vibanio vya skrubu kwenye kila kiungo. Vibanio vinapatikana kwa reli kubwa za milimita 45, na huko ndiko stenlesi inakoeleweka. Kwa treni ndogo, stenlesi hukutoza bei ya juu, hukunyima risasi, hukuachia aina chache za vipande, kisha hukupa ukinzani mara mbili na zaidi ya ule wa nikeli silva. Sioni kwa nini mtu alipie hayo yote ili apunguze kufuta reli mara moja kwa juma.

Anayetumia DCC, mfumo wa kidijitali unaoamuru kila treni peke yake kupitia reli, apime njia yake kwa sarafu. Weka sarafu ya shilingi 20 ilale juu ya reli zote mbili, mahali pa mbali kabisa na kidhibiti. Umeme sharti ukatike papo hapo. Usipokatika, maana yake ukinzani wa reli na viungo ni mkubwa kiasi cha kuificha hitilafu, na siku treni itakapoacha njia, umeme utaendelea kumiminika hadi plastiki iyeyuke. Jaribio hili lifanyike njia inapomalizika kujengwa, na lirudiwe baada ya masika.

Urefu wa wima wa reli

Reli za milimita 16.5 huuzwa kwa namba zinazotaja urefu wao wa wima katika elfu za inchi. Namba 100 ni milimita 2.54, namba 83 ni takriban 2.1, na namba 75 ni takriban 1.9. Fupi huonekana halisi zaidi. Ndefu ni imara zaidi. Kwa upande wa kutu hazina tofauti, lakini kwa gereji ya pwani napendelea namba 100, kwa sababu meza ya mbao hupanda na kushuka kadiri unyevu unavyobadilika, na reli nene huvumilia mwendo huo bila kupinda. Zaidi ya hapo, mabehewa ya zamani yenye kingo ndefu za magurudumu hugonga vishikizo vya plastiki vya reli namba 75.

Vinavyooza kabla ya reli

Mtu anaweza kulipia nikeli silva bora kabisa na bado akaona treni inasimama, kwa sababu reli haiko peke yake. Viungio vinavyounganisha kipande na kipande mara nyingine huwa ni vya chuma kilichopakwa, na misumari midogo ya kushikilia mataruma, yaani vipande vya kukingama vilivyo chini ya reli, huwa ni ya chuma karibu kila mara. Umeme unaopita kwenye kiungio kilichoshika kutu ni umeme wa kubahatisha. Ndiyo sababu nasisitiza waya ya kila kipande cha reli: kiungio kibaki na kazi ya kunyoosha njia tu, na umeme upite kwenye shaba nyekundu. Skrubu za meza ziwe za shaba ya njano au stenlesi, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mashua, na meza yenyewe iwe ya plaiwudi ya marini iliyopakwa rangi pande zote, ikiwemo ile ya chini ambayo hakuna atakayeiona.

Reli zenye kitako cha plastiki zinazobanwa bila msumari, kama Unitrack ya Kato, zina faida ambayo vitabu vya Ulaya haviitilii mkazo: zinafunguka. Gereji nyingi za Mombasa bado zinahifadhi gari, na gari linaloingia likiwa limelowa mvua hupandisha unyevu wa chumba kizima usiku kucha. Mwenye kulazimika kugawana chumba na gari anaweza kuzifungua reli hizo na kuzitia ndani ya ndoo au kasha lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Kasoro ni kwamba viungo vyake ni vingi, na kila kiungo ni mahali pengine pa kushukiwa umeme unapopungua.

Mchanga wa ufukweni usitumiwe kupambia njia. Ni wa bure, ni mweupe, unapendeza, na umejaa chumvi. Kuumwaga kando ya reli ni kuileta bahari mezani. Mwenye kuutaka sana auoshe kwa maji matamu mara nyingi, aukaushe, na hata hapo auweke mbali na reli, akitumia kokoto laini za bara karibu na mataruma. Jambo hilohilo linahusu maji ya kufutia. Visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvichumvi, na kitambaa kilicholoweshwa humo huacha juu ya reli kile kilekile unachojaribu kukiondoa. Tumia spiriti. Pamba ya chuma iepukwe kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hukatika, hushika kutu, na huishia kwenye sumaku ya mota. Katika nyumba za zamani zenye kuta za matumbawe, meza isiegemezwe ukutani, kwa maana kuta hizo huhifadhi unyevu na chumvi na kuvitoa polepole.

Mashine ya kupunguza unyevu ni nzuri katika chumba kinachofungika. Gereji yenye mlango wa chuma uliopishana na sakafu kwa vidole vitatu haifungiki, na mashine hiyo itakuwa inajaribu kuikausha Bahari ya Hindi kwa gharama ya umeme wako. Pesa hizo zitumike kwanza kuziba mianya ya mlango, kisha shuka jepesi lifunikwe juu ya njia kila usiku ili lipokee vumbi la chumvi badala ya reli. Nailoni isitumike, kwa sababu huufungia unyevu ndani.

Kabla ya kulipa

Seti za zamani kutoka Ulaya hujitokeza mara kwa mara katika mizigo ya mitumba, na muuzaji kwa kawaida hajui metali ya reli anazouza. Nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, reli ni ya chuma na isichukuliwe. Isiponasa, tazama rangi: ya dhahabu ni shaba ya njano, ya kijivu chenye joto kidogo ni nikeli silva. Baada ya hapo, igeuze reli na uijaribu sumaku kwenye viungio pia, kwa sababu huko ndiko chuma kinakojificha.

Anayeagiza kutoka nje achague kwanza anataka kuiga reli ipi, kwani uamuzi huo hufunga na kufungua milango ya metali. SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017 na kituo chake cha Mombasa kikiwa Miritini, ina upana wa milimita 1,435, na kwa kipimo cha 1:87 upana huo hutoa milimita 16.5 sawasawa. Reli ya kale iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 ina upana wa mita moja, ambao kwa kipimo hichohicho hukaribia milimita 12. Peco hutengeneza njia ya milimita 12 kwa nikeli silva namba 75, hivyo mpenzi wa garimoshi la zamani lililopanda kutoka Kilindini kwenda bara atapata metali inayofaa bila kutafuta sana. Kilichobaki kwake ni kuagiza waya za kutosha na risasi ya kulehemia katika mzigo uleule.